Jumamosi ya Kumwachisha Emmett Chuchu ya Mpira

Wifi yangu Renee ni dereva wa basi la shule, na ndani ya basi lile hakuna mtoto anayethubutu kuinuka kwenye kiti kabla gurudumu halijatulia. Akiwatazama tu kwenye kioo, wanakaa. Ila akishuka humo na kuingia nyumbani kwa mama yangu, anakuwa kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Miaka sita ameolewa na kaka yangu Dale, na bado anauliza kama anaweza kufungua friji. Namsema kwa sababu nampenda, na pia kwa sababu watu wa namna hiyo wananitia hasira. Wanakupa kisu halafu wanakuonyesha pa kukata.

Emmett ni mtoto wao wa kwanza. Alikuwa na miezi sita, mnene, mcheshi, na halali bila chuchu ya mpira mdomoni. Ikimdondoka, anaamka. Akiamka, Renee huyo mbio kumrudishia. Sasa Jumatatu likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha, na kituo cha kulelea watoto kilichompokea Emmett kilikuwa na sharti moja: chuchu haiingii kitandani. Mtoto asiyeweza kulala bila hiyo anarudishwa kwao. Renee akirudishiwa hana pa kumweka, maana Mama, theluji ikikaribia, huhamia Arizona na wazee wenziwe mpaka Aprili, na Dale yuko barabarani na lori siku tano kwa wiki. Akikosa kazini siku tatu tu, basi lake anapewa mwingine. Basi lile ndilo kitu pekee katika mji huu ambacho Renee anakiamuru.

"Nileteeni Jumamosi," Mama alisema. "Nitamlaza mimi."

Mama alitulea watatu kwa njia moja: mlango unafungwa saa moja, unafunguliwa asubuhi. Mimi sikumbuki kulia. Mama husema hiyo ndiyo dalili kwamba njia yake inafaa.

Jumamosi hiyo timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa inacheza, kwa hiyo tulikuwapo wote. Sufuria ya chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, ilikuwa jikoni, na sinia la mikate ya mdalasini pembeni, kila mtu akichovya wake. Renee aliingia na Emmett begani. Mtoto alikuwa amekunja uso, anajivuta sikio la kushoto.

"Mama, hajataka kunyonya tangu alfajiri," Renee alisema. "Na hili sikio, analivuta tu."

Mama hakumtazama hata mtoto. Alinyoosha kidole kwenye friji, alikokuwa amebandika karatasi ya dalili za mtoto mwenye usingizi, aliyopewa na rafiki yake wa kanisani. Kupiga miayo. Kufikicha macho. Kukataa kula. Kuvuta sikio.

"Dalili mbili kwa mpigo," Mama akasema. "Mtoto amechoka, mama yake hajui. Na titi atalitaka vipi, nawe umemziba mdomo na plastiki tangu azaliwe? Lete hapa."

Akaichomoa chuchu mdomoni mwa Emmett, akachukua mkasi wa kukatia kuku, akaikata ncha palepale mbele ya Renee. Vipande vikaenda kwenye pipa. Hivyo ndivyo ifanywavyo kwetu, ili mama asishawishike kuirudisha. Kisha akambeba mtoto hadi chumba cha juu, na tukasikia mlango ukifungwa.

Chumbani mlikuwa na kamera. Curt, kaka yangu mdogo, akaiunganisha na runinga, mpira ukawa upande huu na Emmett upande ule. Alikuwa anapiga kelele mpaka fizi zinaonekana.

"Haya, wekeni dau!" Curt akasema. "Atanyamaza lini? Atakayekosa mbali zaidi anaosha masufuria."

"Robo ya kwanza," Dale akasema. Ndiye baba mtu.

"Kabla ya mapumziko," nikasema mimi. Ndiyo, na mimi niliweka.

Ilipita robo ya kwanza, Dale akachekwa. Mama alizima sauti ya kamera ili tusikie mpira, lakini kilio kilikuwa kinatoboa dari. Emmett alikuwa anakisugua kichwa chake kwenye fito za kitanda, upande uleule mmoja. Renee alikaa na bakuli la chili mapajani, hajaligusa. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka, yakailowesha blauzi.

"Shemeji!" Curt akapaza sauti. "Bomba limepasuka huko! Mtu alete ndoo!"

Tulicheka. Dale naye alicheka, kisha akamtupia mkewe taulo la jikoni.

Renee akaweka bakuli chini na kusimama. Alifika hadi ngazi ya kwanza.

"Panda," Mama akasema, kwa upole kabisa. "Panda umfundishe kwamba akilia nusu saa utakuja. Kesho atalia saa nzima. Jumatatu watakupigia simu uko kwenye basi na watoto wa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Hiki si kilio chake, Mama. Nakijua kilio chake."

"Ulizaa mmoja mwaka huu, unanifundisha vilio?"

"Kaa, Renee," Dale akasema. "Unatuharibia siku."

Renee akanigeukia mimi. Naliona jicho lile mpaka leo. Hakuwa anaomba ruhusa ya watu wote, alikuwa anaomba mtu mmoja tu. Ningesema "nenda," angekwenda. Nami nilikuwa na mkate wa mdalasini mkononi, na timu yetu iko hatua tano kufunga.

"Kaa bwana, wifi," nikamwambia. "Sisi tulilizwa hivyohivyo, na si unatuona wazima?"

Akakaa.

Zilibaki dakika mbili kufika mapumziko Emmett alipopiga ukelele mmoja mrefu, mwembamba, kisha kimya. Kwenye runinga alilala ubavu, kifua kinapanda na kushuka. Nyumba nzima ikashangilia. Curt aliniinua mkono kama bondia. Mama alijifuta vidole polepole.

"Amenyamaza ghafla mno," Renee akasema.

"Asante haisemwi siku hizi?"

"Asante, Mama."

Emmett alilala kwa saa mbili na nusu. Mama ndiye aliyekwenda kumchukua, kwa maringo, na Renee nyuma yake. Hatukusikia kitu. Kisha Renee akashuka amembeba mtoto kwa mkono mmoja na shuka kwa mkono wa pili. Kwenye shuka kulikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, usaha uliochanganyika na damu. Sikio la kushoto lilikuwa bado linatiririka.

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa kijana, na alieleza kwa utulivu. Usaha ulijaa ndani ya sikio, ukasukuma ngoma ya sikio mpaka ikachanika. Kabla haijachanika, mtoto hupata maumivu makali kupita kiasi. Ikishachanika, maumivu hupoa ghafla, naye husinzia kwa uchovu. Akauliza alilia kwa muda gani.

"Si sana," Dale akasema.

"Dakika sabini na nane," Renee akasema.

Mama alielezwa yote. "Masikio hutoboka, yakapona," akasema. "Lakini kalala bila chuchu, au hakulala?" Jumanne akaondoka kwenda Arizona, na ninavyomjua, huko anawasimulia wenzake kwamba alimaliza kazi kwa mchana mmoja. Sikio lilipona kweli. Kituoni wanamsifu Emmett: unamweka kitandani macho wazi, unaondoka, haguni. Renee yuko kwenye basi lake, na bado watoto wanakaa akiwatazama.

Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, nilipita kwao na keki. Kuomba radhi ndiko kulikonipeleka, ila sikuwa nimepata maneno. Nilimkuta juu, amesimama nje ya chumba cha Emmett, mkono kwenye kitasa, sikio mlangoni.

"Amelala?" nikanong'ona.

"Hajalala. Nimemweka nusu saa iliyopita. Nilinunua chuchu nyingine, anaitema."

"Basi una bahati, wifi. Wenzako wanalia."

Alifungua mlango, akaingia, nami nikabaki kizingitini. Emmett alikuwa macho, chali, mikono pembeni, anatazama dari. Renee akainama juu ya fito mpaka nywele zake zikamgusa mtoto usoni.

"Lia basi, baba," akamwambia. "Lia kidogo tu. Mama anakuja. Nakuapia safari hii anakuja."

Emmett alimtazama kwa muda. Kisha akageukia ukutani.