Kambi Nzima Ilidhani Nameza Dawa ya Kasi

Kipyego alisinzia akiwa amesimama kwenye mstari wa kuanzia mbio, mkono wa kocha ukiwa juu, halafu akaanguka kifudifudi kwenye udongo mwekundu wa murram.

Aliyemlaza ni mimi, ingawa sikuwa nimemgusa.

Naitwa Thuo. Ndiyo, Mkikuyu wa Yamumbi anayekimbia mbio ndefu kwenye kambi ya Eldoret, mji wa wakimbiaji Wakalenjin. Cheka umalize, tuendelee.

Nina bipolar. Kuna miezi kichwa kinapaa, nalala saa mbili tu na kujiona naweza kila kitu. Mwaka juzi nilitoka mazoezini nikakimbia kilomita nyingi mpaka Chepsaita bila kumwambia mtu, kwa sababu niliamini kuna mama nisiyemjua ananingoja huko. Hakukuwa na mama. Halafu huja miezi ambayo hata kufunga kamba za viatu ni kazi ya siku nzima. Juu ya hayo kuna wasiwasi, ule wa kifua kubana bila sababu.

Dawa za kwanza zilinitetemesha mikono. Mapema mwaka huu daktari Adero, mwenye kliniki kule Elgon View, akanibadilishia.

"Hii ni mpya kwako," akasema. "Wiki za kwanza itakulaza vibaya. Usiiache, na usimpe mtu hata kama ni ndugu yako."

"Sawa, daktari."

"Na huko kambini wanajua?"

"Wanajua," nikadanganya.

Kuhusu usingizi hakukosea. Wiki mbili nilikimbia kama gunia la mahindi lenye miguu. Nilitaka kuzitupa zile dawa chooni, kweli kabisa.

Lakini mwezi wa tatu wa kuzimeza kitu kikatulia. Nikalala, nikaamka, nikala, nikakimbia. Kesho yake hivyo hivyo. Wewe unaona ni kawaida. Mimi nililia bafuni kwa furaha. Kwa mara ya kwanza nilifanya mazoezi wiki nane bila kukosa hata siku moja, na muda wangu ukaanza kushuka.

Hapo ndipo shida ilipoanza.

Tulilala wanne chumba kimoja. Dawa nilizificha kwenye kopo la glukosi. Mahali pengine mtu akikuona unameza kidonge kila jioni, atadhani una presha. Eldoret, kama wewe ni mkimbiaji na muda wako unashuka, watu wanafikiria kitu kimoja tu: dawa ya kasi.

"Thuo, wacha uchoyo bana," Lennox, mwenzetu wa chumbani, akaniambia tukifua nguo. "Unakula nini?"

"Ugali, kama wewe."

"Ugali gani hiyo inaangusha dakika mbili?"

Nikatabasamu. Tabasamu hilo ndilo kosa langu.

Ningesema ni dawa ya kichwa, wangehamisha magodoro. Niliponyamaza, wakaanza kuniheshimu. Mmoja ananichotea maji, mwingine ananikatia kipande kikubwa cha ugali. Yaani mgonjwa wa akili hakuna anayemtaka chumbani, lakini mdanganyifu anaombwa ushauri. Nami, kusema ukweli, heshima hiyo niliipenda.

Kipyego, rafiki yangu wa kitanda cha chini, hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshindwa majaribio mara mbili, na kocha alimwambia yakimshinda tena arudi nyumbani akakamue ng'ombe. Majaribio yalikuwa Jumamosi. Watatu wa kwanza wangeenda mbio za Ulaya.

Jumamosi asubuhi, nikiwa naoga, alifungua kopo akameza vidonge vinne. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama kimoja kimemtoa Mkikuyu nyuma kikamleta mbele, vinne vitamfanya Mkalenjin apae.

Hakupaa.

Kocha wetu, Mzee Kipkirui, alimmwagia maji usoni. Hakuna kitu. Alikuwa anapumua polepole sana.

"Amekula nini huyu?" kocha akapaza sauti. "Nani anajua?"

Wote wakaniangalia mimi. Lennox akasema, "Atakuwa amekula ya Thuo."

Nilinyamaza. Ni sekunde chache tu, lakini katika sekunde hizo nilijipenda mimi kuliko Kipyego. Nilikuwa nachagua kati ya kufukuzwa kama mdanganyifu na kukimbiwa kama kichaa. Naona aibu mpaka leo.

"Ni dawa ya bipolar," nikasema. "Bipolar na wasiwasi. Nimeandikiwa na daktari. Mimi ni mgonjwa, kocha."

Kocha akaweka mtungi wa maji chini.

Kisha Lennox, kwa uchungu wa kweli: "Kwa hivyo hakuna ya speed?"

"Hakuna."

"Ngai! Na vile nimekufulia soksi!"

Nilikimbilia chumbani kutoa pakiti ya dawa kwenye kopo, tukampakia Kipyego kwenye pikapu ya kocha. Hospitalini muuguzi alisoma jina la dawa, akaniambia kwamba bila kujua ni dawa gani, wangehangaika gizani. Walikaa naye mpaka saa kumi jioni, ndipo akafungua macho.

"Nimekuwa namba ngapi?" akauliza.

"Hujakimbia, ndugu yangu. Ulilala."

Nikamweleza yote.

"Na wewe humeza kila siku?"

"Kila siku. Kimoja."

"Na unatushinda na hiyo kitu mwilini?"

Nikamwekea mto vizuri.

Kocha alisogeza majaribio mbele wiki mbili. Akataka barua ya daktari Adero, akaisoma mara mbili, akaikunja. "Mimi nataka mtu anayefika mazoezini," akasema. "Hayo mengine ni ya daktari." Basi. Hakuna aliyehamisha godoro.

Na majaribio? Kipyego, aliyelazimishwa na madaktari kupumzika kwa mara ya kwanza maishani, alikimbia mbio nzuri kuliko zote alizowahi kukimbia. Akawa wa tatu.

Mimi nikawa wa nne.

Miezi yote ile nilificha ugonjwa ili usininyang'anye nafasi. Nafasi nikaikosa kwa sababu mtu alinipita mita mia za mwisho, kwa miguu yake, mchana kweupe. Kichwa changu hakikuhusika kabisa. Sijawahi kushindwa nikafurahi namna ile.

Kwa hivyo wewe unayemeza kitu kwa kujificha, waambie unaolala nao ni cha nini. Na wewe unayechungulia kopo la mwenzako, muulize kwanza. Huenda anachokuzidi ni usingizi tu.