Mguu wa Hamo Mwezekaji

Hamo mwezekaji alikuwa na mali mbili tu duniani: kibanda kando ya jumba la Dunmere, na mguu wa kushoto uliopinda. Kibanda kilikuwa hatarini. Bwana Fulko, mlezi wa kijana Ralf, mrithi wa jumba, alikwisha kubomoa maghala mawili akauza mbao, na kibanda cha Hamo ndicho kilichofuata. Dawa ilikuwa moja tu: Ralf athibitishwe kuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja, umri wa kukabidhiwa mali yake, Fulko afungashe virago.

Dunmere hakuna aliyeandika siku ya kuzaliwa ya mtu. Waliapishwa wanaume kumi na wawili, kila mmoja aeleze lililompata siku aliyozaliwa Ralf hata asiweze kuisahau. Hamo alikuwa na lake. Alikuwa akiezeka paa la jumba hilohilo, akateleza, mguu ukavunjika. Kisa hicho alikisimulia kilabuni miaka yote, mpaka watu wakawa wanamkimbia.

Kumbe walikuwa wanasikiliza. Wale kumi na mmoja waliomtangulia mbele ya karani wa mfalme, aliyetoka London akaketi ukumbini mwa jumba, wote walivunjika mguu. Wote wa kushoto. Mwoka mikate eti alivunjikia mlemle tanurini!

Hamo alipochechemea mbele, karani aliweka kalamu chini.

"Usiniambie."

"Mguu, bwana."

"Mnanichezea nyie! Kijiji kizima mlikuwa mnaruka mapaa?"

Fulko akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto bado mtoto, jamani. Nendeni mkalale."

"Hawa wameniibia mguu wangu, bwana!" Hamo akasema, roho ikimwuma kweli. "Mimi nililia siku hiyo, we acha tu."

"Ulilia vipi?" karani akamkejeli.

Hamo akavuta pumzi, akalia. Mbwa wakatoka mbio. Nyuma ya pazia akachomoka Bibi Avisa, mama yake Ralf, macho yamemtoka.

"Kumbe ni wewe, mshenzi wee! Mimi nasukuma huyu Ralf, wewe unanipigia kelele dirishani! Mkunga akaniacha akakimbilia kwako! Miaka ishirini na mmoja namtafuta aliyelia vile!"

Karani akaokota kalamu, akaandika.

Fulko aliondoka jioni ileile. Hamo akalia tena, safari hii kwa furaha, maana kibanda kimepona. Ralf akaja akamshika bega kwa upendo.

"Mzee Hamo, jumba limerudi kwetu. Sasa ile sehemu ya paa uliyoiacha siku ile, inavuja mpaka leo, juu ya kitanda changu. Ngazi hiyo hapo."