Mzee Lukasi na watoto sabini na mmoja waliopotea daftarini

Saa moja na nusu asubuhi, Lukasi Eustace anasokota pamba. Ameketi kwenye benchi nje ya zahanati moja ya kata ya Chiola, wilayani Nachingwea, na mapajani ana kibati chenye vijiti vyembamba. Anachukua kijiti, anakivika pamba, anakizungusha kwa kidole gumba mara tatu, anakiweka pembeni. Hatazami mikono yake. Anatazama foleni.

Wa kwanza ni Mzee Masoudi, mkulima wa ufuta, kichwa kakilaza begani.

"Tangu lini?" anauliza Lukasi.

"Tangu juzi, tulipokuwa tunakung'uta ufuta. Kimeniingia kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwagia maji kidogo."

"Mzee Masoudi! Mbegu unaimwagia maji? Unataka iote humo?"

Benchi zima linacheka. Masoudi naye anacheka, kisha anakunja uso kwa maumivu. Lukasi anawasha tochi yake ya kutazamia sikio, anachungulia, anaingiza kindoano. Punje moja ya ufuta, imevimba, inatoka na kuwekwa kwenye kiganja cha mwenyewe.

"Na hii nayo ipeleke mnadani."

"Ahsante sana, daktari."

"Mimi si daktari, ni muuguzi. Siku moja nitalala polisi kwa ajili yenu."

Lukasi ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na sita ameuguza masikio, pua na koo za watu wa Nachingwea na Ruangwa. Desemba anastaafu. Kuna kosa moja alilolifanya mwaka 2016, na ameapa kutoondoka kazini kabla hajalirekebisha.

Kazi aliianza mwaka 1989, katika hospitali ya misheni, chini ya sista mmoja mzee aliyekuwa hana subira hata kidogo. Siku hizo mabomba ya kusafishia masikio yalichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Sista alivaa kioo cha duara kwenye paji la uso, akaelekea dirishani ili kioo kipokee jua na kulituma ndani ya sikio la mgonjwa. Siku ya mawingu kazi ililala.

"Mpaka leo nikisikia harufu ya maji yanayochemka na chuma ndani yake, namkumbuka Sista," anasema Lukasi. "Alikuwa anapiga vidole kwa rula. Lakini alinifundisha jambo moja. Aliniambia, 'Lukasi, macho yanasahau. Chora.' Ukiona ngoma ya sikio ina tundu, chora duara, weka tundu pale pale lilipo. Mimi huchora mpaka leo."

Alikuja Chiola kwa baiskeli, pamba na dawa vikiwa kwenye kikapu. Alizaliwa hapa hapa, kwa wazazi Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Akina mama walimsikia kwa kengele, wakatoa watoto nje kabla hajafika. Leo ana pikipiki na matone mazuri, na anasema kengele ile bado anaikumbuka.

Mwaka 2016 waliletwa watafiti. Walitaka kujua watoto wanaotokwa na usaha masikioni huishia wapi: wangapi hupona wenyewe, wangapi hubaki na tundu, wangapi huwa viziwi. Mtu wa kuwaandika alikuwa Lukasi. Alipita nyumba kwa nyumba Chiola na Likunja, akaandika watoto mia mbili na kumi na mbili wenye umri wa miaka minne hadi saba. Jina, umri, kitongoji, jina la baba. Na pembeni, japo fomu haikudai, akachora sikio la kila mtoto.

Walipofuatiliwa miaka michache iliyopita, watoto sabini na mmoja hawakuonekana. Vijana wa utafiti walifika vitongojini, wakasoma majina ya watoto tu kwa sauti, wakajibiwa, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Wakaandika: amehama.

Hawakuwa wamehama. Walikuwa wamepita jandoni na unyagoni.

Msomaji wa mbali aelezwe. Huku mtoto akitoka kumbini, kambi ya jando au unyago, hutoka na jina jipya. Lile la utoto linaachwa kule kule. Kumwita mtu kwa jina lake la utoto ni tusi, na faini yake ni kuku, au zaidi ya kuku kama wenyewe wameudhika. Hata mama mzazi halitamki.

Lukasi aliyajua hayo yote. Yeye mwenyewe alitoka kumbini mwaka 1977, akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Asubuhi ile walitupaka mafuta, tukavishwa kaniki mpya, tukafunikwa vichwa. Nyuma yetu kumbi linawaka moto, na hakuna kugeuka," anasimulia, na uso wake unalegea. "Kijiji kizima kiko njiani. Mama yangu analia na kucheka. Kila mmoja anatajwa jina lake jipya, na watu wanaitikia. Nilijiona mrefu siku ile! Sasa watoto wengine wanatahiriwa hospitali Ijumaa, Jumatatu wako kwenye katuni."

Sasa mtu wa namna hiyo aliandikaje majina ya utoto bila kuuliza la mama, la bibi, wala la mlezi?

"Fomu ilisema jina la mtoto. Nikaandika jina la mtoto," anajibu. "Nilijifanya mtu wa ofisi. Kosa ni langu, silisukumi kwa mtu."

Kosa hilo lilikaa kimya mpaka Juni mwaka huu. Madaktari bingwa kutoka Dar es Salaam walikuja kwa siku sita kwenye hospitali moja mjini Ruangwa, kuziba ngoma za masikio. Wakachagua watoto tisa kutoka daftari la utafiti, wale ambao michoro ya Lukasi ilionyesha usaha unaelekea kula mfupa. Wanane walipatikana. Wa tisa, nambari 118, msichana wa Likunja, hakuonekana. Nafasi ya jina la baba ilikuwa wazi. Baba aliondoka kabla mtoto hajatambaa.

Dkt. Catherine, aliyeongoza madaktari hao, hakumficha Lukasi. "Mfupa ukishaliwa, usaha unaingia kichwani. Jumamosi saa sita mchana tunafunga vifaa. Mtoto yuko wapi?"

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Lukasi alipanda pikipiki, kwa mafuta ya mfukoni mwake, akaenda Likunja. Alipofika bombani akakuta wanawake wanachota maji. Kwa haraka aliyokuwa nayo, akafanya kosa lile lile. Alifungua daftari akasoma jina.

Ndoo zikatulia. Bibi mmoja akasimama wima.

"Baba, wewe umekulia wapi?"

"Chiola, bibi."

"Na Chiola hakuna kumbi?"

"Lipo."

"Basi kuku wetu tunamtaka, na jina hilo lirudishe ulikolitoa. Hapa hakuna mtu huyo."

Wanawake wakabeba ndoo, wakaondoka. Mmoja wao aliondoka mbio kuliko wengine. Lukasi hakumtilia maanani.

Ijumaa asubuhi alikwenda shule ya msingi, akamwomba mwalimu Rahimu amruhusu kuingia darasa la saba, walikokuwa wasichana wa rika la nambari 118. Aliuliza ni nani sikio lake linatoa maji. Hakuna aliyeinua mkono. Nani ataisema harufu yake mbele ya wavulana?

"Basi natazama yote," Lukasi akasema. "Wasichana wote, mmoja mmoja, huku nje."

Walikuwa thelathini na mmoja. Akatazama masikio ya kushoto tu, maana daftari lilisema kushoto. Wa kumi na tisa aliitwa Moza. Alikuwa amekaa dawati la mwisho upande wa kushoto wa darasa, sikio zima likielekea wenzake, sikio jingine likielekea ukutani. Lukasi alikausha usaha kwa pamba, vijiti vinne, kisha akachungulia. Tundu lilikuwa chini, limejikunja kama korosho, kichwa kinatazama nyuma. Akafungua daftari ukurasa wa nambari 118. Miaka tisa ilikuwa imelikuza tundu, lakini umbo lilikuwa lile lile, kwa kalamu nyekundu, mkono wake mwenyewe.

"Nilifunga daftari," anasema. "Jina nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Nikamuuliza tu, 'Mwanangu, mama yako anakaa wapi?'"

Gazeti hili halichapi jina lile la kwanza. Mama yake Moza, Faudhia, ameomba hivyo, na ana haki.

Faudhia ndiye yule mwanamke aliyeondoka bombani mbio. Alipomwona Lukasi uani hakumkaribisha.

"Wewe ndiye uliyenitukania mwanangu jana mbele za watu?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja na faini."

"Iko wapi?"

"Imefungwa kwenye pikipiki."

Faudhia alichungulia. Jogoo alikuwa amening'inia kwenye keria, kichwa chini, amekasirika. Alijikaza asicheke, akashindwa.

"Ungekuja na huyo jana tungeongea jana."

Lakini upasuaji ulikuwa habari nyingine. Aliuliza kama mwanawe atapasuliwa kichwa. Lukasi akachora kwa kijiti mchangani: ngoma, tundu, na kipande cha ngozi nyembamba kinachochukuliwa nyuma ya sikio kuwekwa kiraka. Akamweleza pia kwamba kiraka wakati mwingine hakishiki. Faudhia aliuliza, "Nikikataa?" Lukasi akamwambia ukweli kuhusu mfupa na kichwa.

"Sikulala naye vizuri tangu ana miaka mitatu," Faudhia anasema leo. "Bibi yangu alimwekea majani, mimi nikaweka mafuta ya taa, Mungu anisamehe. Nikaona huyu mzee amekubali kuaibika kwa ajili ya mwanangu. Nikachukua khanga, tukaondoka jioni ile ile."

Jumamosi saa tatu asubuhi Moza aliingia chumba cha upasuaji, wa mwisho kati ya watoto tisa. Saa tano na nusu alitoka na bandeji kichwani. Lukasi alikuwa kwenye korido, amekaa juu ya kreti ya soda. Alikwenda nje kununua chai.

Kiraka kilishika. Mwishoni mwa Septemba Lukasi alichungulia tena, akaona ngoma imekauka na kung'aa, akachora duara lisilo na tundu. Moza ana malalamiko yake.

"Zamani nikitaka kulala nalalia sikio zima, kelele zote kwaheri," anasema, akimtazama mama yake kwa jicho la utani. "Sasa nageuka huku nasikia, nageuka kule nasikia. Na mama anakoroma."

"Mwongo huyu," anasema Faudhia.

Tangu Juni, Lukasi hutumia siku zake za mapumziko akiwa na daftari lile. Sasa hasomi jina la mtu hadharani. Huingia uani, hukaa, huuliza habari za shamba, kisha humwomba mama, au somo aliyemfunda mtoto unyagoni, amnong'oneze. Ukurasa hubeba jina jipya peke yake. La zamani hulifuta kwa wino mpaka lisisomeke. Anayekataa kusema haulizwi mara ya pili, mtoto hutazamwa sikio.

Kati ya wale sabini na mmoja, amewaona arobaini na sita. Watatu wamehamia Dar es Salaam kweli. Mmoja, wa kitongoji cha mbali cha Likunja, alikufa mwaka juzi kwa homa iliyoanzia kichwani. Lukasi alikwenda kwa mama yake, akakaa mchana kutwa. Walichozungumza hakisemi.

Wamebaki ishirini na mmoja. Watafiti wamekubali kupokea majina yote yatakayopatikana, na Dkt. Catherine ameahidi kurudi Ruangwa mwakani. Wizara itamwita Lukasi mstaafu kuanzia Januari, na pikipiki ya serikali atairudisha. Fundi ameshamtengenezea baiskeli yake ya zamani.

"Fundi anitengeneze na mimi?" anacheka alipoulizwa kama miguu itaweza. "Hapana, baiskeli ndiyo iliyotengenezwa. Mimi bado mzima." Kisha anaacha kucheka, anafunga daftari. "Wale watoto hawakuhama. Niliwapoteza mimi, na njia ya kwao naijua."