Mashine Iliyongoja Cachet ya Tatu

"Upungufu wa Muda wa Kasi ya Uingizaji wa Takwimu." Ndivyo lilivyosema tangazo kwenye dirisha la uandikishaji la chuo kimoja cha wauguzi, hapa Nyalukemba.

Dirisha lilikuwa lifungwe saa sita, na asiyeandikwa angengoja mwaka mzima. Mbele yangu kwenye foleni mama mmoja kutoka Luvungi alishika bahasha ya binti yake kwa mikono miwili. Kila karani akibonyeza "enregistrer", yaani hifadhi, kiduara kilizunguka tu kwenye kompyuta.

"Maman, mashine iko inafikiri," karani akasema.

"Inafikiri nini? Mutoto ni yule yule tangu asubui."

Mama akatazama saa ya ukutani, akafuta bahasha kwa kitenge, ingawa haikuwa na vumbi.

Fundi wa informatique, yule wa kompyuta, akaja, akaangalia skrini. "Kusoma, inasoma mbio. Kuandika ndiyo inakwama." Alieleza kwamba kila jina huandikwa katika seva tatu zilizo katika miji mitatu, na mashine hungoja zote zikubali. Ya tatu ilikuwa imejaa.

"Mbili hazitoshi?" nikauliza.

"Zinatosha, papa. Ni directeur, mukubwa wa chuo, alisema tatu, kama vile karatasi inaomba cachet tatu, mihuri tatu. Kubadilisha inaomba saini yake, na yeye iko safari Kamanyola."

Tulilaumu mashine bure; ilikuwa imejifunza kazi kwetu.

Simu ya directeur haikupokelewa. Saa sita kasoro dakika tano, fundi aliondoa sharti la seva ya tatu bila saini ya mtu, na binti akaandikwa.