Korosho Zilizoungua

Jirani yangu hapa Kibaha anachoma korosho, na moshi wake umenirudisha uani kwa bibi, Kisarawe. Alinipaka majivu viganjani ili mafuta ya maganda yasinibabue, tukaketi kubangua. Nzima zote alizitia kwenye bakuli langu. Babu hakuwa na meno, kwa hiyo bibi alimtwangia zake.

"Mke mwenzangu, mpelekee mume wetu," aliniambia, utani wake wa kila siku.

"Na zako, bibi?"

Akaokota zilizoungua. "Mimi nazipenda hizi."

Nilimwamini miaka yote.

Sasa jirani ametuletea sahani. Wanangu wamezimaliza nzima, nami nimetafuna zilizobaki. Ni chungu mno.

"Mama, kumbe unazipenda hizo?"

"Sana, mwanangu."