Figo Moja ya Labhu

Tangu warudi kutoka hospitali ya Ahmedabad, kata ya kuchotea maji haikutua chini. Devshi alitembea nayo, ameichomeka kiunoni kama askari na rungu lake, na yeyote aliyetaka maji katika kibanda kile sharti amwombe yeye. Mama yake aliomba akapewa. Yeye mwenyewe alikunywa alipojisikia. Mkewe Labhu ndiye aliyepimiwa: funda asubuhi, kidogo ndani ya chai mchana, funda lingine jua likizama, basi. Na usimdhanie ukatili mwanamume huyu. Alimpenda mkewe kiasi cha kuchekwa na majirani, na maji alimnyima kwa sababu hiyo hiyo.

Labhu alizaliwa na wachumvi, watu wanaoishi kwa kuvuna chumvi, akaolewa na wachumvi. Kila mwaka mvua zikiisha, ukoo mzima unatoka kijijini Kharaghoda na kwenda kupiga kambi katikati ya jangwa la Rann, wanachimba visima, wanavuta maji ya chumvi kwa pampu na kuyatandaza majarubani, vile vitalu vya udongo vyenye kingo, mpaka jua liyamalize. Huko ni tambarare tupu. Hakuna mti, hakuna kichuguu, hakuna hata kichaka cha kumficha sungura, na mtu akichuchumaa huku, jirani wa kule anamwona. Wanaume hawalijali hilo. Wanawake hungoja giza, na mwenye kungoja giza hujifunza mapema kutokunywa. Labhu alijifunza akiwa msichana, akawa hodari, na hodari wa mambo kama hayo hulipwa kwa mawe. Jiwe la kwanza liliua figo yake ya kushoto. Aliyaficha yale maumivu misimu miwili, akisema ni mgongo, ni kuvuta reki ya chumvi, ni kuinama, na alipofika kwa daktari figo ilikuwa imekwisha kazi. Ikabaki moja.

Mwaka huu jiwe likaziba njia ya hiyo moja. Safari hii Devshi hakungoja kuambiwa ni mgongo. Alimpakia mkewe kwenye pikipiki, wakapanda basi, wakafika. Daktari Ketaki, mwanamke mdogo wa umri na mwepesi wa mikono, alilivunja jiwe na kuacha ndani ya njia ya mkojo mrija mwembamba wa kuishikilia isijifunge wakati kidonda kinapona. Mirija ya kawaida inatakiwa kutolewa baada ya wiki chache, na watu wa jangwani hawarudi kutolewa kitu katikati ya msimu. Daktari alikwishaona mirija iliyosahauliwa tumboni mwa watu mpaka ikaota mawe juu yake. Kwa hiyo Labhu alipewa mrija wa aina mpya, ambao wakati huo ulikuwa bado unajaribiwa.

“Huu hautolewi,” daktari aliwaeleza, akitafuta neno litakalowaingia. “Unakaa, unafanya kazi yake, halafu unayeyuka wenyewe pole pole. Kama chumvi kwenye maji.”

Alifurahi kulipata neno hilo. Aliona nyuso zao zimefunguka, akajua wameelewa. Kuelewa walielewa, tena walielewa kupita kiasi.

Maana nani duniani anajua chumvi inavyoyeyuka kuliko mchumvi? Devshi alikwishaona mvua ya asubuhi moja ikimaliza kazi ya miezi. Kwake maji matamu, yasiyo na chumvi, ni adui, yakizidi jarubani umekwisha. Njia nzima ya kurudi, ndani ya basi, alilipigia hesabu neno la daktari. Mrija ni kama chumvi. Maji yakiwa mengi utayeyuka kabla ya siku zake, njia itajifunga, na figo ya mwisho itakwenda. Ni kweli daktari alisema pia anywe maji mengi, lakini maneno hayo aliwaambia wagonjwa wote wa mawe, mpaka yaliandikwa ukutani. Hayo ni ya wenye mirija ya plastiki, Devshi aliamua, na ukaidi wa Devshi akishaamua unajulikana Rann nzima.

Labhu hakubisha. Kiu aliizoea, na aliogopa. Usiku aliweka kiganja ubavuni upande wa kulia, pale ilipokuwa hiyo moja, kama mtu anayehakikisha mtoto bado anapumua.

Ikafika jioni moja akarudi kutoka gizani amebadilika uso.

“Baba Kanu,” alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao aliyebaki kijijini shuleni, “nimemulika tochi. Kuna vitu vyeupe vinatoka. Kama tambi zilizoiva.”

Devshi aliweka chini mkate wake wa mawele. “Vingi?”

“Vichache. Ni mrija huo. Daktari alisema nitaviona.”

“Alisema baadaye.”

“Alisema nitaviona, hakusema lini.”

“Mimi nilikuwepo, Labhu. Alisema pole pole. Hii ni pole pole gani? Ule mtindi uliokunywa jana kwa jirani Ghughabhai ndio umefanya haya. Nilikukataza.”

“Mtindi ulikuwa nusu bakuli.”

“Nusu bakuli ni maji, yamevikwa tu jina.”

Mama mkwe, Monghi, bibi mkavu asiyekuwa na jino la mbele, alicheka puani. “Mwanangu amekuwa daktari. Alitumwa mjini kubeba mfuko, amerudi na shahada.”

Devshi hakucheka. Kuanzia kesho yake funda la asubuhi liliondolewa. Labhu alivuta reki jarubani chini ya jua, midomo imepasuka, mkojo wake umekuwa mzito wa rangi ya chai ya kuchemka, na kila mara mumewe alimtazama kwa upole na kumwambia avumilie, siku zimekaribia. Uchungu wa jambo hili ni kwamba alimwonea huruma kwa dhati. Sasa kila alipomnyima, naye alikaa saa kadhaa bila kunywa, washirikiane kiu.

Kisha ikaja mvua isiyo ya msimu. Ilinyesha mchana kutwa, na udongo wa Rann ukishalowa unageuka gundi: pikipiki haipiti, trekta halipiti, ngamia mwenyewe anasita. Siku hiyo hiyo Labhu alianza kutetemeka. Homa ilimpanda, ubavu wa kulia ukamkaza kama unaokamuliwa, na mkojo ukawa matone, halafu hata matone yakakoma. Daktari alikuwa amewaambia jambo moja kwa kulirudia: homa ikija, msilale, njooni. Devshi alitoka nje, akatia mguu kwenye tope, ukazama mpaka goti. Akapiga simu kwa Ghughabhai mwenye trekta. Ghughabhai akasema upepo ukivuma vizuri na jua likitoka, kesho labda.

Asubuhi jua lilitoka. Labhu alilala mlangoni kwenye gunia, akitazama majaruba yao. Maji ya mvua yalikuwa yamesimama juu ya chumvi, na ile chumvi changa, iliyokuwa imeanza kung’aa juzi, haikuwepo tena. Msimu mzima ulikuwa unakwenda machoni pao. Devshi alisimama hapo, mikono imelegea, kata kiunoni.

“Unaona?” alisema bila kumgeukia mtu. “Unaona maji yanavyofanya?”

“Naona,” alisema Labhu. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. “Nipe maji.”

“Mama Kanu, usinitie mtihani.”

“Sijakojoa tangu jana asubuhi. Nipe maji.”

“Mrija umeyeyuka, njia imejifunga, ndiyo maana. Ukiongeza maji yatakwenda wapi? Utapasuka.”

Alikuwa na hoja, na Labhu aliijua kuwa ni hoja. Alifumba macho. Homa ilikuwa inamchezea akili, lakini kuna kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekiona jarubani na ambacho hakutaka kimponyoke.

“Baba Kanu, sisi chumvi tunaitoaje?”

“Unaweweseka. Lala.”

“Nijibu kwanza.”

“Tunavuta maji kisimani, tunayatandaza.”

“Halafu?”

“Tunayaacha yakauke, jamani. Unataka nini?”

“Yakikauka kinabaki nini?”

“Chumvi.”

“Laini?”

Devshi alitazama viganja vyake. Ile chumvi ya mwisho wa msimu, wanayoivunja kwa sululu, iliyomchana viganja tangu utoto, alikuwa anaijua kuliko uso wake.

“Ile iliyopata maji leo imekwenda na maji,” alisema Labhu. “Haikumziba mtu. Iliyokosa maji ndiyo inakuwa jiwe. Daktari alivunja nini ndani yangu, baba Kanu? Unanikausha. Umenifanya jaruba.”

Ukweli ulikuwa umemfikia Devshi, lakini mkono haukutaka kushuka kwenye kata, kwa kuwa kama mkewe amekosea, kata hiyo ndiyo itakayomuua, na itakuwa mkononi mwake. Kama amepatia, basi amekuwa akimuua tangu Ahmedabad. Ni mtihani ambao nisingemtakia adui yangu.

Monghi ndiye aliyeumaliza. Aliinuka akishika magoti, akamfuata mwanawe, akaichomoa kata kiunoni mwake kama anayemnyang’anya mtoto kisu.

“Nilizaa mwanamume,” alisema. “Sikuzaa mlinzi wa pipa. Kunywa, mkaza mwana. Ukifa, ufe umelowa.”

Labhu alikunywa. Kata ya kwanza aliimeza kwa pupa, akakohoa. Ya pili taratibu. Kisha nyingine, na nyingine, na baada ya muda maumivu yalimpanda kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua hata wakati wa kujifungua. Alijikunja, akauma pindo la sari. Devshi alitoka nje akasimama ameipa nyumba mgongo, amejishika kichwa. Kila Labhu alipoguna, mabega ya mumewe yaliruka. Monghi alimkanda mke wa mwanawe kiuno, akaitukana mvua, akaitukana chumvi, akamtukana daktari kwa kutosema mambo kama watu wanavyosema. Adhuhuri ilipita. Hakuna kilichotoka.

“Nitoeni nje,” alisema Labhu ghafla.

“Sasa hivi?” alishtuka Monghi. “Jua lote hili? Watu wa Ghughabhai wako kule wanafungua mifereji.”

“Wageuke au watazame. Nitoeni.”

Alizaliwa katika tambarare ile na hakuwahi, hata siku moja, kutoka kujisaidia mchana. Walimshika huku na huku, wakazama topeni hatua kwa hatua. Monghi alitandaza shela lake kuwa pazia, upepo ukalipeperusha, pazia likawa si pazia. Kule mbali wanaume wakainua vichwa, wakaona, na kwa adabu yao wakageuka wote pamoja. Labhu aliuma meno. Kitu kilisogea ndani yake, kikakwama, kikasogea tena kwa ukali wa wembe. Alimshika mumewe bega mpaka kucha zikaingia. Kisha kikatoka: kidonge cha nyuzi nyeupe zilizovurugana na mchanga wa jiwe lililovunjwa, kidogo kuliko punje ya dengu. Nyuma yake ukafuata mkojo, mchafu kwanza, wenye damu, halafu ukaendelea, ukaendelea, mpaka Labhu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Devshi akapiga magoti palepale kwenye tope akilia tu, bila kicheko.

Kesho yake trekta la Ghughabhai lilipita. Homa ilikuwa ingali naye walipofika Ahmedabad, wakamlaza, wakamtundikia dripu ya dawa. Daktari Ketaki alimpaka mafuta ubavuni, akatembeza mashine ya picha. Alirudi pale pale mara ya pili. Labhu alimtazama usoni asione kitu. Devshi alisimama kwenye kona.

“Imevimba,” daktari alisema mwishowe. “Lakini njia iko wazi na inafanya kazi. Mmewahi. Siku mbili zaidi nisingekuwa na la kuwaambia.”

Akafuta mikono, akauliza kwa nini mkojo ulikuwa mzito vile, nani alimzuia mgonjwa maji. Labhu alitazama dari. Hakutaka kumtaja mtu.

“Mimi,” alisema Devshi.

“Wewe? Kwa nini?”

“Ulisema utayeyuka kama chumvi kwenye maji, daktari. Sisi ni wachumvi. Niliogopa uyeyuke mapema.”

Daktari alibaki na kitambaa mkononi. Baadaye akawaeleza, polepole na bila mifano, kwamba mrija ule una muda wake na maji hayauharakishi. Zile nyuzi zilitoka wakati wake hasa. Zilikuwa zipite bila yeye kusikia lolote, isipokuwa zilikuta uchafu na ukavu, zikashikana. Akaomba radhi kwa neno lake. Devshi aliitikia kwa kichwa tu, hakuweza kumtazama.

Muuguzi aliingia na jagi na bilauri, akaijaza bilauri na kumpa Labhu mkononi. Labhu aliikataa.

“Mpe yeye,” alisema.

Muuguzi, asielewe, akampa Devshi. Devshi aliishika kwa mikono miwili.

“Mama Kanu, kunywa kwa muuguzi. Mimi sistahili.”

“Nimeshakunywa kwa mama yako, nimeshakunywa kwa sindano,” alisema Labhu. “Nina kiu ya kupewa na wewe.”

Alimsogezea mdomoni. Labhu alikunywa yote bila kuondoa macho usoni mwa mumewe, na bilauri ilipokwisha akamwambia aijaze tena.