Laptopu Niliyoichagua kwa Masikio

Siku yangu ya kwanza kazini niliketishwa mbele ya taipureta, nikafunikwa mikono kwa kitambaa. Aliyenifunika ni karani mkuu wa ofisi ya mawakili mjini Kitui, mama aliyevaa sweta hata jua likiwaka, na sote tulimwita Bi Karani.

"Andika jina lako," akaniambia.

Nikaandika kitu ambacho si jina la mtu yeyote. Hakucheka. Alisema, "Macho ni ya kutazama karatasi unayonakili. Vidole vitafute njia vyenyewe. Kesho tutarudia."

Tulirudia mpaka kitambaa kikawa hakina kazi. Wakati ule, kosa moja kwenye hati ya kiapo lilikuwa jambo zito. Hati ya kiapo ni maelezo ambayo mtu anayaapia kuwa ni kweli, na chini ya karatasi ya juu kulikuwa na kaboni na nakala nyingine. Ukikosea herufi, umekosea kote. Unang'oa zote na kuanza upya.

Mkubwa wetu alikuwa Wakili Mkuu, mzee mrefu asiyependa kushika kalamu. Maneno yake aliyasema kwenye kinasa sauti kidogo, halafu kanda inaletwa kwangu. Nilivaa visikizi masikioni na mguu wangu ukawa juu ya kanyagio. Ukikanyaga, sauti inakwenda, ukiachilia, inasimama, ukikanyaga upande wa kisigino, inarudi nyuma. Hivyo mikono haiachi kuandika hata kidogo. "Mwikali," alizoea kuniambia, "usinirekebishie maneno. Nikisema upuuzi, andika upuuzi, kisha uje unionyeshe." Nilimpenda kwa hilo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa tawi letu la Mtito Andei. Kesi nyingi za huko zilikuwa za ajali, maana barabara ya Mombasa inapita hapo na malori hayalali. Madereva walikuja wakiwa na bendeji, wakaketi kwenye benchi na kunisimulia kabla wakili hajawaita. Hapo ndipo kompyuta ziliponikuta. Msimamizi wa tawi aliagiza moja kubwa ya mezani, nzuri ya kutazama, ikaingiwa na vumbi jekundu kwenye feni mpaka ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga posho. Kila alasiri joto likipanda, ilizimika. Nilimwambia Msimamizi, "Hii ilitengenezewa chumba chenye baridi. Sisi hatuna chumba hicho." Tangu siku hiyo, kila mashine mpya iliponunuliwa, niliulizwa kwanza. Nilijifunza kuuliza mambo mawili: itafanya kazi gani, na itafanyia wapi.

Kutoka Mtito Andei nilipelekwa mji wa Wote, na huko ndipo macho yalipoanza kuniacha. Hayakuuma. Kwanza nilianza kugongana na watu mlangoni, watu ambao nilidhani wametokea ghafla. Kisha pembe za karatasi zikapotea. Nilidhani ni uchovu, nikanunua miwani sokoni, kisha nyingine. Nilipofika kwa daktari, aliniambia ni presha ya macho, imeharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. "Kilichopotea hakirudi, mama," akasema. "Tutajaribu kukilinda kilichobaki." Tulijaribu kwa dawa na kwa upasuaji. Kilichobaki kilikwenda polepole, mpaka nikawa naona tu kama dirisha limefunguliwa au limefungwa.

Nilirudishwa Kitui, ofisi kuu. Bi Karani alikuwa amestaafu zamani. Kulikuwa na Meneja wa Ofisi, kijana aliyezaliwa Murang'a na kuoa kwetu, mpole na mwenye haraka. Aliniita, akafunga mlango.

"Mama Mutua," akaanza, akiniita kwa jina la mwanangu, "tumeongea na Wakili Mkuu. Tungependa upumzike kwa heshima. Karatasi za kustaafu kwa sababu ya afya nimeshaziandaa."

"Umeniona nikikosea kazi?"

"Sijakuona ukifanya kazi, mama. Ndilo tatizo. Utaionaje skrini?"

"Sitaiona. Nitaisikia. Nipe muda mpaka likizo ya mahakama iishe, na unipe mashine nitakayoichagua mwenyewe."

Nilisikia kalamu yake ikigonga meza. Mwishowe akasema, "Mpaka likizo iishe. Baada ya hapo tusibishane."

Nilitoka pale nikipapasa ukuta. Nilikuwa nimeahidi kitu nilichokuwa nimekisikia tu kwa watu. Lakini kustaafu nikiwa na vidole vizima na masikio mazima, hapana. Hilo sikuwa tayari kulipokea.

Kanisani kwetu kulikuwa na mwalimu asiyeona, Mwalimu Nzioka, aliyefundisha upande wa Makueni na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Nilimfuata. Yeye ndiye aliyenieleza kisoma-skrini, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini: herufi unayobonyeza, mstari ulioko, kitufe ulichokifikia. Kipanya hakitumiki. Kila kitu ni kwa kibodi. Siku ya kwanza sauti ile ilikwenda mbio kiasi kwamba nilivua visikizi nikaviweka chini.

"Huyu anagombana na nani?" nikamuuliza.

"Anakusomea. Mpunguzie mwendo. Baada ya muda utamwona mzembe, umwongezee."

Ilikuwa kweli. Na vidole vyangu havikuhitaji kufundishwa chochote. Vilikuwa vimezoea kazi bila macho tangu ujana wangu. Nilichojifunza ni amri mpya tu na subira ya kusikiliza.

Kisha ikaja shughuli ya kuchagua mashine, na hapo niliwachosha watu. Meneja alikuwa amepanga kununulia ofisi nzima laptopu nyembamba za aina moja, na fundi wetu wa kompyuta alikuwa na mpango wa kuziwekea Linux. Hiyo ni aina ya mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamka kwanza mashine ikiwashwa, ambayo programu zote nyingine huiegemea. Linux haina leseni ya kununua, na fundi aliipenda kwa moyo wote. Sikuwa na ugomvi nayo. Mwalimu Nzioka mwenyewe aliitumia nyumbani kuandikia mitihani. Nikamwomba fundi aniwekee kwenye mashine moja, na Windows kwenye nyingine, nifanye kazi ileile kwenye zote mbili.

Tulikaa mchana mzima. Kwenye Linux niliandika barua vizuri. Nilipofika kwenye programu yetu ya kunakili sauti, ile inayopokea kanyagio la mguu, tukakwama. Haikuwa imetengenezewa mfumo huo.

"Naweza kukutafutia nyingine inayofanana nayo," fundi akasema.

"Kanyagio litaitika?"

Akajaribu. Akajaribu tena. Alikuwa kijana mkweli. "Haliitiki, mama."

"Basi mimi niwekee Windows. Wengine wawekee unayotaka. Sichagui mfumo bora duniani, nachagua unaoniwezesha kumaliza hati."

Kisha tukaenda dukani. Muuzaji alianza kunisifia skrini, rangi zake na mng'ao wake, mpaka fundi akamkoholea. Niliomba kibodi nizishike. Laptopu zile nyembamba nilizikataa zote, kwa sababu hazikuwa na safu ya namba upande wa kulia, na kisoma-skrini nilichojifunza huamrishwa kwa vitufe hivyo. Nilitaka vitufe vinavyozama chini ya kidole, vyenye vinundu kwenye F na J ili mkono ujue uko wapi. Nilitaka tundu la visikizi, na matundu ya kutosha ya kuchomeka kanyagio na flashi. Nilitaka diski ya kisasa isiyozunguka na RAM ya kutosha, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, maana mashine ikisita, sauti husita pia, na mtu asiyeona akiachwa kimya hajui kama aendelee au angoje. Na nilitaka betri inayokaa. Iliyobaki mezani ilikuwa nzito, nene, rangi ya majivu.

"Hii ni ya kizamani kidogo, mama," muuzaji akasema.

"Hata mimi," nikamjibu.

Meneja alipoiona hakufurahi. Alisema itaonekana vibaya mbele ya wateja. Nilimwambia wateja watazame hati zao. Akasaini.

Nilifanya mazoezi likizo nzima. Mahakama ilifunguliwa, na katika wiki ileile akaja mama mjane kutoka upande wa Kibwezi. Mume wake alikuwa amezikwa majuzi, na shemeji zake walikuwa wamemwambia atoke, watabomoa nyumba wagawane shamba. Wakili Mkuu, ambaye alikuwa amezeeka lakini bado anakuja, aliamua tupeleke ombi la dharura siku hiyohiyo ili mahakama iwazuie. Mama huyo hakujua Kiingereza, hivyo ilibidi hati yake ya kiapo iwe ya Kiswahili.

Wakili alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kurekodi maelezo yake stima ikapotea. Mji mzima. Kompyuta za mezani zikafa zote. Nikasikia makarani wenzangu wakisukuma viti nyuma. Mimi nilikuwa tayari nimewasha laptopu yangu.

"Nani anaandika?" Meneja akauliza kutoka mlangoni.

"Mimi," nikasema. "Nileteeni ile sauti."

Niliandika bila kuinua kichwa, mguu kwenye kanyagio, sikio moja likimsikiliza Wakili na lingine likisikiliza mashine ikinirudishia nilichoandika. Nilipomaliza nilichomoa visikizi, nikakipunguzia kisoma-skrini mwendo, nikamwita yule mama akae karibu. Tukaiacha laptopu imsomee maelezo yake kwa sauti.

Alisikiliza mpaka mahali fulani. "Hapo si hivyo," akasema. "Imesema waliniomba nitoke. Hawakuniomba. Waliniamuru, mbele ya watoto wangu."

Wakili Mkuu akasema, "Ni mimi niliyesema hivyo. Mwikali, andika alivyosema mama."

Nikabadilisha. Mashine ikamsomea tena, naye akasema sasa ndivyo ilivyokuwa. Kisha fundi akachukua flashi, akaenda kuchapisha kwenye duka la fotokopi lenye jenereta, mama akaapa mbele ya kamishna wa viapo na kutia sahihi, na hati zikaingia mahakamani kwa mtandao wa duka lilelile kabla ofisi hazijafungwa. Amri ilitoka kesho yake. Shemeji walikuja na nyundo zao wakakutana na karatasi, na chifu akiwa amesimama kando yake. Nyumba ile haikubomolewa.

Stima ilipokwisha kurudi, Meneja alikuja mezani kwangu. "Mama Mutua, zile karatasi nimezirudisha kabatini."

"Utazitoa nikifika umri wa kustaafu," nikasema.

Alizitoa nilipofika umri huo, na tuliagana vizuri. Kwa miaka yote iliyokuwa katikati niliandika hati nyingi kuliko nilivyoandika nikiwa naona, na nilibadilisha laptopu mara nyingine, kila mara nikibishana na mtu kuhusu unene wake.

Sasa niko nyumbani, Matinyani. Nasikiliza redio, nalima kidogo kwa mikono ya wanangu. Vijana wakiniuliza ni mashine ipi nzuri, huwa nawakatisha tamaa, kwa sababu sina jina la kuwapa. Mtu huanza na jina la mashine, akaja kuona baadaye kwamba haifanyi kazi yake. Na nimewaona wengi wakichaguliwa mashine na wauzaji badala ya kuchagua wenyewe.

Jumapili moja baada ya ibada, jirani mmoja aliniletea binti yake, Ndanu, ambaye macho yalimpotea akiwa shule ya upili. Baba yake alinishika mkono. "Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, "tumeamua kumnunulia laptopu. Tuambie tununue ipi, yenye mfumo gani."

Binti mwenyewe hakuwa amesema lolote tangu waje.

"Ndanu," nikasema, "wewe unataka kufanya kazi gani?"

Baba yake akavuta pumzi ili ajibu. Nikamfinya kiganja, akanyamaza.

Binti akasema, kwa sauti iliyonyooka, "Nataka kuandika habari za redio."

Nikamwambia avute kiti, tuanze kuzungumza juu ya laptopu.